Sababu ya Safari: Kupumzika

JUMAMOSI

Meli imefunga gatini Mkoani baada ya adhuhuri. Abiria walioshuka pamoja nami walikuwa wakirudi kwao, wakienda msibani, au wakifuata karafuu. Mimi nimekuja kupumzika. Naandika hivyo mapema kwa sababu naona jambo hili litahitaji ushahidi.

Mkurugenzi wetu amerejea karibuni kutoka Toscana, Italia, ambako alikaa katika kijiji cha mizabibu na mizeituni. Anasema alitoa pesa ili aruhusiwe kuchuma zabibu za watu, na usiku hakusikia chochote. Amewashauri wakaguzi wa hesabu wote wa idara yetu wafanye kama yeye, kila mtu kwa uwezo wake. Uwezo wangu umefika Pemba. Mwenzangu wa meza ya pili ana mama yake upande wa Mtambwe, Wilaya ya Wete, na amenihakikishia kwamba kijiji ni kimya. Mizeituni hakuna, ila mikarafuu ipo, na huu ndio msimu wake.

Kutoka Chake Chake nilipanda daladala ya 606. Kiti changu nilikitumia kwa ubia na pakacha la kuku. Unguja ni kisiwa bapa. Pemba ni vilima na mabonde mwanzo hadi mwisho, na kila tulipoingia bondeni kuku wote walihamia upande wangu. Mwenye kuku aliniuliza nakwenda kwa nani na kwa shida gani. Nilimtajia mwenyeji wangu, nikamwambia sina shida. Akanitazama kwa huruma, akawavuta kuku wake.

Kwenye njia panda nilichukua bodaboda. Begi lilifungwa nyuma, mwavuli nikaushika mkononi. Mteremkoni mwavuli ulifunguka wenyewe. Tukapunguza mwendo bila ya breki.

Bi Mkubwa alinipokea kwa maji ya kunywa, akawaulizia hali wafanyakazi wote wa ofisi yetu aliopata kuwasikia, mmoja mmoja, kisha akaniuliza: "Waumwa nini, mwanangu?"

Nilimjibu kwamba siumwi.

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu asiyependa kumlazimisha mgonjwa.

JUMAPILI

Mgeni anayelala kijijini hupelekwa kwa sheha. Mjomba, kaka yake Bi Mkubwa, ndiye aliyenipeleka. Sheha ana daftari lenye safu nne: jina, atokako, mwenyeji, sababu ya safari. Ni daftari zuri, mistari yake imenyooka kuliko ya taasisi kadhaa nilizozikagua.

"Sababu?" aliuliza.

"Kupumzika."

Kalamu ilibaki hewani. "Kupumzika kutokana na nini?"

Nilimweleza habari za Toscana: mizeituni, nyavu wanazotandika chini ya miti, mkurugenzi na zabibu zake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaandika: Matibabu.

Nilimwonyesha kwamba maandishi hayalingani na maelezo. Akanijibu kwa upole kwamba hapa hakuna aibu. Wamekuja watu wakubwa kuliko mimi, wengine na magari yenye vioo vyeusi, wote wakasema wanapunga upepo.

Njiani Mjomba alinifariji. Bara, mtu akisema anakwenda Pemba, hakuna anayeuliza zaidi. Kila mtu anajua waganga wa Pemba. Nilimwambia kwamba sifa hiyo haikuanza leo. Mwandishi wa Kiingereza, Evelyn Waugh, katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931, alisimulia kwamba watu walikuwa wakija kisiwani humu kutoka nchi za Maziwa Makuu kusomea uganga.

Mjomba alitafakari. "Na huyo Mngereza," aliuliza, "alisema amekuja kupumzika?"

JUMATATU

Nimefanya ukaguzi wa ukimya. Matokeo ni haya.

Saa nne usiku: popo. Popo wa Pemba ni mkubwa, anakula matunda, na hapatikani pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa na kukatiwa miti hata wakabaki wachache. Baadaye wanakijiji wa sehemu kama Kidike wakashika jukumu la kuwalinda, na leo wanahesabika kwa maelfu. Mradi umefanikiwa. Sehemu ya mafanikio hayo ilikuwa kwenye mwembe ulioko juu ya bati langu, ikiangusha ilichoshindwa kumaliza.

Saa sita: mwezi, unakaribia kuwa mpevu, ulipita dirishani na kukaa usoni pangu. Dirisha halina pazia. Nimeliwasilisha suala hili kwa Mjomba.

Saa saba: komba, wawili, wakigombana.

Saa tisa: jogoo ambaye saa yake haiko sawa.

Saa kumi na nusu: adhana. Baada ya sala, kijiji kizima kilipita mbele ya dirisha kikienda mikarafuuni. Salamu za Kipemba hazina mkato. Huulizwa hali yako, ya watoto, ya mgonjwa wako, ya mbuzi wako, na kwa kila jibu hushukuriwa Mungu.

Mchana nilikaa barazani kama nilivyokusudia. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekaa, isipokuwa kikongwe mmoja na mtoto anayeota meno. Kila aliyepita na gunia kichwani aliniuliza kama nimepata nafuu. Nimepokea tangawizi, majani ya mwarobaini, na nusu chupa ya mafuta yasiyo na jina. Kuelekea alasiri mzee mmoja aliketi kando yangu, akatazama mbele, akasema bila kugeuza shingo: "Umtafutaye hakai hapa. Lakini njia naijua."

Niliona ni wakati wa kulimaliza jambo hili. Nilimwambia kwamba mimi simtafuti mtu, mimi ni mkaguzi wa hesabu kutoka Dar es Salaam.

Mzee aliondoka. Baada ya muda hata kikongwe akaingia ndani. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kulikuwa na ukimya.

JUMANNE

Magunia mawili yaliyokuwa kwenye ukumbi wa jirani hayapo. Kila ninapopita, watu wanazungumza habari za mvua.

Mjomba amenieleza. Kwa sheria, karafuu ya Zanzibar ina mnunuzi mmoja tu, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Anayemuuzia mwingine anafanya magendo. Kenya haiko mbali kwa jahazi, na katika miaka ambayo bei ya huko ilizidi ya hapa, karafuu nyingi ziliifahamu njia hiyo usiku. Mgeni anayekaa barazani kutwa na kuandika daftarini, kisha akasema ni mkaguzi, hahitaji kuongeza maelezo.

"Bora ungebaki mgonjwa," alisema Mjomba.

Dawa iliyopendekezwa ni nionekane nikichuma. Tuliingia mikarafuuni mapema. Mjomba huzungumza habari za mikarafuu kama za ukoo. Kimbunga cha Aprili 1872 amekisimulia kana kwamba alikuwapo: jinsi kilivyoilaza mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na jinsi tangu hapo mzigo mkubwa wa karafuu ukawa unatoka huku. Jinsi baada ya Mapinduzi ya 1964 watu walivyogawiwa eka tatu tatu. Nilimuuliza ni nani aliyeupanda mti tulio chini yake. Alinitajia jina, na jina la baba yake, na deni alilokufa nalo.

Kinachochumwa ni ua kabla halijafunguka. Likifunguka limekwisha thamani. Kwa hiyo kazi haingoji mtu amalize kupumzika. Wachumaji hupanda hadi kileleni, wanavuta matawi kwa upembo, na wanazungumza kutoka mti hadi mti kuhusu mambo ya watu walio chini.

Nilipewa matawi ya chini. Niliyamaliza kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha nikapanda kidogo kufuata safu iliyofuata. Humo mlikuwa na kiota cha maji moto. Hawa ni chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, na wana msimamo mkali kuhusu mipaka. Nilishuka. Tawi nililokuwa nimelishika nalo lilishuka. Mbao ya mkarafuu ni dhaifu, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja.

Jioni tulipima. Bi Mkubwa huwalipa wachumaji kwa pishi, na zangu zilikuwa mbili kasoro. Alikata gharama ya tawi, akaniwekea mkononi shilingi mia tano. Mkurugenzi alitoa pesa mfukoni ili achume Toscana. Nimeandika tofauti hiyo kwenye safu ya mapato.

Baada ya sala ya isha nyumba nzima iliketi chini kuchambua karafuu, kila punje na kikonyo chake mbali mbali. Makonyo hayatupwi, yana mnunuzi: hukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichoko Wawi, Chake Chake. Mimi nilizipanga punje zangu kwa ukubwa. Mjukuu wa Bi Mkubwa, anayesoma skuli darasa la tatu, aliutazama mpangilio wangu kwa muda, akauchanganya wote kwa kiganja kimoja, akaendelea na kazi.

Uzito wa jamvi letu kabla ya kuanikwa: kilo 31.

JUMATANO

Kurasa mbili za siku ya leo zimegandana kwa utomvu wa fenesi. Yaliyoandikwa humo hayasomeki.

ALHAMISI

Vidole vimeachana kwa mafuta ya taa.

Leo nimekwenda Mtambwe Mkuu. Ni kijisiwa chenye magofu ng'ambo ya mikoko, na maji yanapokupwa hufikiwa kwa miguu. Huko, mwaka 1984, wanaakiolojia walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo sana, zikiwa na majina ya watawala wa humu humu, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi. Zilifukiwa karne ya 11. Mtu aliyezificha alikusudia kurudi. Kwa mkaguzi ni mahali pa kuheshimika: akiba kubwa, hakuna hati hata moja, na kwa miaka 900 hakuna malalamiko yaliyopokelewa.

Nilifika asubuhi kwa kupita kwenye matope yaliyo imara kiasi. Magofu yenyewe yanataka subira: mawe, miti, kisha mawe mengine. Nilikaa kivulini, nikala mkate wa kumimina wa Bi Mkubwa, nikasikiliza. Hapakuwa na popo, jogoo wala pole ya mtu yeyote. Huenda huu ndio ukimya alioulipia mkurugenzi. Nilipoamka, njia haikuwapo.

Bahari ilikuwa imeingia hadi kwenye mikoko na haikuonyesha dalili ya kujadiliana. Nilisubiri. Alasiri ilipita. Mwishowe alitokea kijana kwenye mtumbwi, anarudi na pweza wake. Alikubali kunichukua kwa nauli ya shilingi elfu mbili. Nilimpa, pamoja na zile mia tano, kwa kuwa hakuwa na chenji ya kitu chochote. Katikati ya safari pweza mmoja, ambaye mimi nilimhesabu kwenye mali iliyokufa, alishika kiatu changu cha kulia. Kijana alimbandua kwa heshima kwa sisi wote wawili.

Mjomba alikuwa ufukweni, amekaa kwenye gogo. Alisema alinitarajia saa hizi.

"Leo ni bamvua," alisema. "Mwezi mpevu, maji hutoka sana na huingia sana. Ulijua."

Nilimwambia sikupewa taarifa yoyote.

"Jumatatu ulikuja mwenyewe kushitaki kwamba mwezi mkubwa haukuachi kulala," alisema Mjomba.

IJUMAA

Wote wamekwenda kusali Ijumaa. Mimi, kwa kuwa si Muislamu na ni mzoefu wa kulinda mali za watu, nimeachiwa majamvi manne ya karafuu uani. Maagizo yalikuwa mawili: kuku wasipekue, na mvua isizikute nje. Karafuu inataka jua kali siku kadhaa mfululizo hadi iwe kahawia na ikatike kwa mlio. Ikilowa inapoteza rangi, na ikipoteza rangi inashushwa daraja mezani pa mnunuzi.

Kuku walifika wakiwa kundi. Nilitumia mwavuli. Mwavuli ulifunguka wenyewe, na kwa mara ya kwanza safari hii ulifanya hivyo kwa wakati unaofaa.

Wingu lilitokea upande wa Wete wakati hutuba haijaanza. Nilivuta jamvi la kwanza hadi sebuleni. La pili liligoma mlangoni, kwa hiyo nililimwaga kwenye beseni, kwenye sufuria kubwa, na kwenye ndoo ya kuogea. La tatu lilichukua kitanda changu. Matone yalianza nikiwa na la nne. Chombo kilichobaki wazi kilikuwa begi langu. Nilitoa nguo nusu, nikajaza.

Mvua ilinyesha dakika zisizozidi tano. Jua likarudi, kali zaidi.

Bi Mkubwa aliporejea alipita chumba hadi chumba bila kusema neno. Alifungua begi. Alifungua sufuria. Aliketi, akafunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Majirani waliitwa kuja kuona, na waliokuja walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwa kawaida. Mmoja wao ni yule mwenye magunia mawili. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema sasa ameamini kwamba mimi si mtu wa serikali.

Jioni ukungu ulishuka, kwa hiyo karafuu za kitandani zimeachwa pale pale hadi asubuhi, na mimi pamoja nazo. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto zenyewe. Nimelipima kwa mkono. Ni joto la kutosha.

JUMAMOSI

Nimeamshwa adhuhuri. Nilikuwa nimelala juu ya jamvi tupu uani, mahali nilipokaa ili nipumzike kidogo baada ya kuzirudisha karafuu zote juani tangu alfajiri. Aliyeniamsha ni sheha, aliyekuwa akipita na daftari lake kwapani.

Alinitazama vizuri: macho, rangi ya uso, mikono iliyochubuka.

"Naona umepona," alisema, akaweka alama mbele ya jina langu.

Taarifa ya usiku: hakuna kilichosikika. Sina hakika kama popo wamehama.

JUMAPILI

Jamvi letu la Jumanne limekauka, pamoja na mvua ile. Mjomba alileta mizani. Kilo 10 na robo.

Nilimwomba apime tena. Kilo 10 na robo. Nilifungua daftari, nikaonyesha maandishi ya Jumanne yaliyosainiwa na mimi mwenyewe: kilo 31. Nilimweleza, kwa staha inayompasa mwenyeji, kwamba katika kazi yetu theluthi mbili za mali haziwezi kutoweka ghalani bila ya maelezo, na kwamba mara nyingi mhusika huwa ni mtu wa karibu. Nilimuuliza nani alikuwa na jamvi hili siku zote hizi.

Waliokuwepo walitazamana.

"Jua," alisema Mjomba.

Nilisubiri maelezo zaidi. Hayakuja. Nimeuliza kwa majirani wawili, kila mmoja peke yake, na wote wamemtaja huyo huyo: kilo tatu za mbichi hutoa kilo moja kavu, iwe kwa mtu mwaminifu au mwizi. Hoja imefungwa. Mhusika hawezi kuitwa kujieleza.

Usiku Bi Mkubwa alipika pilau, na majirani walileta samaki na halua ya Wete. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Waliniuliza nitarudi lini, kwa sababu bado kuna mikarafuu ya ng'ambo ya bonde haijaguswa, na wachumaji hawatoshi.

JUMATATU

Bandari ya Mkoani. Msimu huu mizigo hukaguliwa, kwani kutoa karafuu kisiwani bila kibali ni kosa. Mimi naafiki ukaguzi wa aina yoyote, na nilijipanga foleni nikiwa na moyo mweupe.

Afisa alilisogelea begi langu kabla sijafika mezani. Alivuta pumzi. Akalifungua. Akavuta tena. Alinusa shati moja, akanusa la pili, akanusa soksi, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa cheo chake. Alikung'uta suruali. Zilidondoka punje za karafuu, akazihesabu kwa sauti: kumi na saba. Nilimsaidia kuhakiki. Ni kweli zilikuwa kumi na saba.

Foleni nyuma yangu ilisogea ili isikie.

"Hizi zimefikaje humu?"

"Mvua," nilisema.

"Na ulikuja Pemba kufanya nini?"

Meli ilipiga honi. Nilifikiria habari za Toscana, nyavu za mizeituni, mkurugenzi, sheha na safu zake nne, chungu, bamvua na joto la kitandani. Nilimtazama usoni. Alikuwa mtu mwenye akili timamu, aliyetaka sababu inayoingia akilini.

"Nilikuja kwa mganga," nilisema.

Uso wake ulilegea. Alizikusanya punje zote kumi na saba, akazirudisha ndani ya begi kwa vidole viwili, kwa tahadhari, akafunga zipu mwenyewe. Foleni ikarudi nyuma hatua moja. Alininong'oneza: "Amekusaidia?"

Nilimwambia kwamba nilifika silali, na sasa nalala.

Akatazama kushoto na kulia, akatoa simu yake, akaniomba namba. Nikampa ya Mjomba.